Mlango Unaofunguka kwa Mkono Mmoja

Jumapili, jioni. Mvua ya asubuhi imepita, mlima Nyiragongo umevua mawingu mpaka kiunoni, na nguo nilizoanika zimekauka upande mmoja tu. Mikono yangu inanuka grisi. Nimeiosha kwa sabuni, nikaisugua kwa majivu na limau, lakini wapi. Leo harufu hiyo siichukii.

Mimi si mtu wa kujisifu. Mama yangu alitulea kule Ngara akituambia kila mara kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini leo nataka nikitembeze changu kidogo, ingawa ni kizuri.

Nimetengeneza mlango wa gari.

Si mlango wote. Ni namna ya kuushikilia ukiwa juu usimwangukie mtu, na namna ya kuushusha bila kupigana nao. Mwingine atasema ni jambo dogo. Hata mimi nilikuwa nikidhani hivyo.

Nianze na mwenye gari. Mume wangu, Baba Olivier, alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Yeye alizaliwa Goma, mimi nilirudi hapa Rwanda na wazazi kutoka Tanzania, tukakutana Gisenyi. Kinyarwanda changu wakati ule kilikuwa kinachechemea, chake kilikuwa kimejaa Kifaransa, basi tukachumbiana kwa Kiswahili. Mpaka leo watoto na majirani tunaongea nao Kinyarwanda, lakini tukibaki wawili ni Kiswahili, mimi cha kwetu na yeye cha kwao, na kila mmoja anamcheka mwenzake.

Miaka mingi yeye alikuwa barabarani na mimi nilikuwa kwenye cherehani. Nashona mapazia, vitambaa vya makochi na mifuko ya magodoro. Alikuwa akirudi kutoka Mombasa anakaa kwenye stuli karibu yangu, ananisimulia milima, mizani za malori, mahali pa kula samaki wazuri. Aliniahidi kwamba akistaafu atanitembeza.

Na alipostaafu alitimiza. Alinunua twegerane kuukuu, yale mabasi madogo ya abiria, akang'oa viti vyote. Akajenga kitanda ndani, mimi nikashona godoro na mapazia ya madirisha. Nyuma kabisa akaweka droo kubwa ya jiko. Mlango wa nyuma wa gari hilo ni mmoja, mpana, unafunguka kwenda juu, kwa hiyo ukiwa juu ndiyo paa la jiko. Aliupenda mlango ule kuliko sehemu nyingine zote. Ndani aliuvalisha mbao, akafunga kulabu za sufuria, taa, na turubai la kukunjua mvua ikinyesha. Nje akaning'iniza tairi la akiba na ngazi ya kupandia juu ya paa.

Ulikuwa mlango mzuri sana, na mzito kama kabati.

Mlango wa namna hiyo unabebwa na shokapu mbili za gesi, vile vyuma vyembamba vya pembeni vinavyousukuma juu na kuuzuia usishuke. Zilizokuja na gari zilitengenezwa kwa mlango mtupu. Kwa ule mzigo zilichoka upesi, tukawa tunauegemeza kwa fimbo nene ya mkaratusi. Baba Olivier alisema atazibadilisha.

Kabla hajazibadilisha, kiharusi kikamjia. Mguu ulirudi, ulimi ulirudi, mkono wa kushoto haukurudi.

Sitaandika habari za miezi ile. Nitasema tu kwamba nilijifunza kuendesha gari nikiwa tayari na wajukuu, mwalimu wangu akiwa mtu aliyeendesha lori maisha yake yote na ambaye sasa aliweza kunielekeza kwa mdomo na kidole tu. Alikuwa mkali. Nilikuwa namshukuru Mungu akinigombeza, kwa sababu nyumbani alikuwa kimya. Kwenye gari alirudi kuwa mtu. Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nampeleka Rubona, kando ya ziwa, tunaegesha karibu na bandari, tunafungua nyuma, tunachemsha chai, anaanza kuzungumza.

Siku moja upepo ulivuma kutoka ziwani. Fimbo ya mkaratusi ikateleza. Yeye alikuwa ameinama kwenye droo akitafuta sukari, na mlango ukamshukia begani, upande ule ule wa mkono mgonjwa.

Hakuvunjika mfupa, namshukuru Mungu. Niliuinua mlango sijui kwa nguvu gani, nikamkalisha juu ya jiwe. Hakulia, hakulaumu. Aliutazama mlango muda mrefu, halafu akasema, "Turudiye ku nyumba."

Tangu siku hiyo hakulikaribia gari. Jumapili nilikuwa namwambia twende, anasema kichwa kinauma. Gari likakaa uani, kuku wakaanza kulala chini yake.

Mwanetu Olivier, anayeishi Kigali, alipopata habari alinipigia simu. Sikumlaumu, alikuwa na hofu ya mtoto. Aliniambia, "Mama, hilo gari litamuua mzee. Liuzeni. Kuna mtu wa Musanze analitaka, Jumamosi ijayo atakuja kuliona."

Nilikwenda kumweleza baba yake, nikitumaini atakataa. Alikuwa amekaa sebuleni, mkono wa kushoto umelala mapajani kama kitu alichoachiwa na mgeni.

"Uzisha," alisema. Baadaye, nilipokuwa nimekwisha kugeuka kuondoka, akaongeza: "Mutu mwenye hawezi kufungula mulango ya motoka yake, ile motoka haiko yake tena."

Nilikwenda jikoni nikasimama mbele ya sinki bila kuosha chochote.

Nikajiambia, basi tatizo si gari. Tatizo ni mlango. Na mlango ni kitu cha kutengenezwa.

Jumatatu nilikwenda kwenye duka la vipuri nikamwomba muuzaji shokapu za nguvu kuliko zote alizonazo. Hapo ndipo nilipokosea, lakini sikujua. Nikazipeleka kwa Bosco, fundi wa kuchomelea vyuma pale Mbugangari, akazifunga. Nilipoachia kitasa mlango uliruka juu, ukanipita puani. Tulifurahi sana, tukapeana mikono. Kisha tukajaribu kuufunga.

Haukufungika. Niliuvuta, nikauning'inia miguu ikiwa hewani, nao ukanishikilia pale kama shati kwenye kamba. Bosco alianza kucheka, halafu akaacha. Alikuwa ameona bati la paa pale kwenye bawaba.

"Mama, tuitoshe," alisema. "Iko inakunja bati. Ikiendelea itapasuka."

Tukazitoa. Nilirudi nyumbani nikiwa nimepoteza siku nzima, na paa la gari likiwa na kidonda ambacho halikuwa nacho asubuhi. Niliingia ndani ya gari, nikakaa juu ya godoro nililolishona mwenyewe, nikalia kidogo. Naliandika hili kwa sababu nikisema nimeshinda na nisiseme nilishindwa kwanza, nitakuwa nadanganya.

Siku iliyofuata nilikuwa na kazi ya mapazia ya hoteli moja ndogo. Mwenye hoteli alikuwa akilalamika kwamba fimbo za mapazia zinang'oka ukutani kila mwezi, anataka za chuma. Nikamwambia, kama ninavyowaambia wateja siku zote, kwamba fimbo hazina kosa, kitambaa ndicho kizito mno, tubadilishe kitambaa.

Nikajisikia nikisema maneno hayo. Nikabaki nimeshika sindano.

Jioni niliazima mizani ya kuning'iniza kwa jirani yetu anayeuza viazi. Niliifunga kwenye kitasa cha mlango wa gari nikauinua kwa mizani. Mshale ulikimbia ukakaribia pale unaposimama kwa nusu gunia. Huo ndio uzito tuliokuwa tunamtaka mzee aubebe. Nikachukua spana, nikaanza kufungua.

Tairi la akiba lilitoka kwanza, nikaliviringisha mpaka ukutani. Ngazi ikafuata. Nilipoanza kwenye mbao za ndani, nikasikia mlango wa nyumba ukifunguliwa. Baba Olivier alikuwa amesimama barazani, ameshika nguzo.

"We Mama Olivier, uko unavunja kazi yangu?"

"Siivunji. Naipunguzia uzito."

"Ile ni libuyu. Haiko mbao ya mchezo."

"Najua. Ndiyo maana ni nzito."

Nilijua nimemgusa pabaya, kwa sababu zile mbao za mti mgumu alizichagua moja moja, akazipiga msasa kwa mikono yake miwili wakati bado anayo miwili. Nikaendelea kufungua. Bolti ya juu ilikuwa ngumu, nikaweka nguvu zote.

"Usianze na ya juu," alisema. "Itakuanguka ku kichwa. Anza na ile bulon ya chini."

Nilianza na ya chini. Nilipoinua macho alikuwa amekwisha kushuka ngazi za baraza na kuvuta stuli. Alikaa karibu na gari kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya upepo. Sikusema lolote. Kuna mambo ukiyataja yanaondoka.

Tulifanya kazi hivyo, mimi na spana, yeye na kidole. Mahali pa mbao za libuyu niliweka kitambaa kizito cha makochi, chenye sponji nyembamba na mifuko ya vijiko, vikombe na viberiti. Rangi ya kijani, mshono mara mbili. Mbao tulizihifadhi, alisema zitakuwa rafu ya sebuleni. Tairi Bosco alilitafutia nafasi chini ya gari, ngazi tukaihamishia ubavuni. Nilipopima tena, mshale ulisimama chini ya nusu ya pale ulipokuwa.

Nilirudi kwa muuzaji wa vipuri. Safari hii sikuomba za nguvu kuliko zote. Nilimtajia uzito, akasoma maandishi kwenye vyuma, tukachagua za kadiri. Mlango ukapanda taratibu kama mtu anayeamka vizuri, na ukashuka ukivutwa bila ugomvi.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini Baba Olivier aliutazama ukiwa juu, akatikisa kichwa.

"Amortisere inachoka sawa mutu," alisema. "Leo iko nguvu, kesho inakuachilia. Tia na kitu yenye haichoke."

Alikuwa amesema kweli kuhusu shokapu, na alisema kama mtu anayejua. Niliwaza. Nikamchorea Bosco kwa chaki sakafuni: bomba la chuma ndani ya bomba lingine, ncha moja kwenye mwili wa gari, ncha ya pili kwenye mlango. Mlango ukipanda, bomba la ndani linatoka. Ukifika juu, pini yenye springi inaingia yenyewe kwenye tundu, tak, na mlango hauwezi tena kushuka hata shokapu zote mbili zikifa kwa pamoja. Bosco aliufuata mchoro kwa kidole cha mguu, akasema inawezekana. Akatengeneza kazi safi, akapaka na rangi.

Ili nijue kama inafaa kwa mwenye mkono mmoja, nilijifunga mkono wangu wa kushoto kiunoni kwa kitenge. Muuza viazi alichungulia juu ya ukuta akaniona, akauliza kama nimeumia. Nikafungua kwa mkono wa kulia. Tak. Vizuri sana. Kisha nikataka kufunga, na hapo nikakwama. Ili pini itoke lazima uivute. Ili mlango ushuke lazima uuvute. Vitu viwili vya kuvuta, mkono mmoja.

Usiku wa Alhamisi nililala na jambo hilo kichwani.

Jibu lilitoka kwenye cherehani. Nilichukua mkanda mpana wa makochi, ule ambao hata mtu wa kilo mia akiukalia haukatiki, nikaushona wenye matawi mawili juu na mkia mmoja chini. Tawi fupi nikalifunga kwenye pini, tawi refu kwenye mlango. Ukivuta mkia, tawi fupi linakaza kwanza, pini inatoka. Ukiendelea kuvuta, tawi refu linakaza, mlango unashuka. Na kwa kuwa shokapu ndizo zinazobeba uzito, pini haibanwi, inatoka kama sindano kwenye pamba.

Mkono mmoja, mvuto mmoja.

Nilifungua na kufunga, nikafungua na kufunga, mpaka kuku wakahama.

Ijumaa jioni nilimwita Baba Olivier ajaribu. Alikuja mpaka karibu, akagusa mkanda, akausifu mshono. Halafu akasema amechoka, akarudi ndani. Niliona jinsi alivyoushika ule mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, kama anaukinga. Nikaelewa. Bega lilikuwa linakumbuka. Kitu hicho sikuweza kukitengeneza kwa spana.

Jumamosi mtu wa Musanze alikuja, mtu mzima, mpole, kofia mkononi. Tulimpokea vizuri. Alizunguka gari, akapiga magurudumu kwa mguu, akachungulia kitanda, akasifu mapazia. Mimi nilikuwa nimesimama kando. Nilikuwa nimejitayarisha kusema sisi hatuuzi, lakini gari si langu. Baba Olivier alikuwa kwenye stuli yake.

"Na huku nyuma kunafunguka?" mgeni akauliza.

Nilipiga hatua ili nimfungulie.

"Wacha," alisema mume wangu.

Alisimama. Alitembea mpaka nyuma ya gari, polepole, mguu ule unaoburuta kidogo ukichora mstari kwenye vumbi. Aliweka mkono wa kulia kwenye kitasa. Akakaa hivyo kwa muda, na mimi nikaona shingo yake imekazana. Kisha akavuta, akainua, mlango ukaenda juu. Tak.

Hakukimbia kutoka chini yake. Alibaki pale pale, akainua macho, akautazama kitambaa changu cha kijani juu ya kichwa chake. Akapumua. Halafu akashika mkia wa mkanda, akavuta, mlango ukashuka ukafunga. Akaufungua tena. Mara hii haikuwa kwa ajili ya mgeni.

Mtu wa Musanze alisogea akakagua bomba, pini, mkanda. Aliuliza, "Hii kazi imefanywa na nani? Nina gari jingine nyumbani, mlango wake unatusumbua."

"Bibi yangu," alisema Baba Olivier. Hakupandisha sauti. Alisema kama anavyotaja jina la mji aliowahi kufika. "Fundi aliunga vyuma. Lakini mawazo yote ni yake, na huu mukanda alishona yeye."

Niligeuka nikajifanya naangalia kuku. Nina umri huu, nimeshonea nyumba nyingi za watu katika mji huu, nimesifiwa na wateja. Sijawahi kusifiwa namna ile.

"Sasa samahani, ndugu yangu," akaendelea. "Umetoka mbali, na utakula kwetu. Lakini motoka haiuzishwe."

Mgeni alitutazama, mimi kisha yeye, akacheka. Alikula viazi na sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, akaomba kupiga picha ya mkanda, akaondoka bila kinyongo. Olivier nilimpigia mwenyewe. Akauliza, "Mama, kweli ni wewe?" Nikamwambia ni mimi. Akaniomba video. Nimemtumia, naye ametuma kwa watu ambao hata siwajui.

Leo baada ya kanisa mvua ilipokatika, tulishuka Rubona. Niliegesha, nikabaki nimekaa kwenye usukani. Nilimsikia akifungua nyuma. Nilimsikia akivuta droo, akiwasha jiko, akiangusha kijiko, akikiokota. Kubaki pale bila kwenda kumsaidia ilikuwa kazi ngumu kuliko ile ya mlango, na nayo nimeifanya. Aliniletea chai mpaka dirishani. Ilikuwa imemwagika nusu kwenye kisahani na sukari ilizidi. Niliimaliza yote.

Tuliporudi na kuegesha uani hakushuka upesi. Alikuwa anatazama mbele, kule barabara inapopanda kufuata ziwa.

"Unajua njia ya Karongi?" aliniuliza.

"Siijui. Nasikia ni kona tupu."

"Mi naijua. We endesha tu."

Sasa amelala, na mimi naandika. Wiki hii nina mapazia ya hoteli ya kumaliza, halafu tutafunga nyumba tuondoke. Kona zile zinaniogopesha, sitaficha. Nitaziweza?

Naona nitaziweza.